Fundi Aliyepima Betri Kabla ya Jua

Fundi hakupima betri mchana. Ungeweza kufika kwake saa nne asubuhi, betri begani, umeshuka kwenye basi la kutoka Kitai na jasho linakutoka, naye angekupa kigoda na maji ya kunywa, akaizunguka betri yako mara moja bila kuigusa, halafu akasema, "Iache. Njoo kesho kabla ya jua." Ukimwambia una haraka, alikujibu kwamba haraka ni ya kwako, betri haina.

Mimi ni dereva wa pikapu ya chama cha wakulima wa kahawa. Kijiji chetu kiko mlimani, mbele ya Maguu. Pikapu inabeba mbolea kupanda na kahawa kushuka, lakini pia ndilo gari pekee la kijiji linaloweza kumfikisha mgonjwa hospitali ya mjini. Likiwaka, mtu anafika. Lisipowaka, mtu analala kwenye mkeka barabarani akingoja ukungu uondoke na gari lingine lipite, nalo huenda lisipite. Mwezi wa sita na wa saba huko kwetu baridi inaingia hadi kwenye chuma, na betri iliyochoka haiwaki asubuhi. Nilimaliza darasa la saba tu na kuandika kwangu ni kwa polepole, lakini yuko mtoto mmoja anayekimbia kwenye uwanja wa nyumba yetu kwa sababu ya Fundi, na ilinichukua miaka kumshukuru ipasavyo. Jina la Fundi silitaji. Mjini Mbinga wote walimwita Fundi. Wenye utani walimwita Fundi Baridi, naye aliitika.

Mara ya kwanza nilisimama nje ya karakana yake mpaka mikono ikafa ganzi kwa uzito wa betri, nikingoja ageuke ili nimwamkie. Mimi ni mtu wa haya. Alikuwa amenipa mgongo, anasugua vichwa vya betri ya mtu kwa brashi ya waya.

"Wewe uliyesimama hapo," alisema bila kugeuka, "umeleta betri au umeleta kivuli?"

"Shikamoo Fundi. Nimeleta betri."

"Marahaba. Hiyo sauti nayo tutaichaji."

Nyuma ya karakana kulikuwa na shamba dogo la ngoro. Kwa asiyejua kilimo chetu sisi Wamatengo, ngoro ni mashimo yanayochimbwa mstari kwa mstari kwenye mteremko. Nyasi hufukiwa kwenye kingo, mazao hupandwa juu ya kingo hizo, na shimo katikati hubaki kushika maji ya mvua yasiondoke na udongo. Fundi alilaza betri ndani ya mashimo hayo. Alisema baridi hutembea kama maji. Jua likizama inashuka mlimani, na ikikuta shimo inajaa humo. Betri iliyolala ngoroni mwezi wa sita ilikuwa baridi asubuhi kuliko betri iliyolala uani, na alitaka uiguse kwa mkono wako mwenyewe ili usije ukabisha. Kila betri aliilaza juu ya kipande cha ubao, na mbwa wake alilala kati ya mashimo.

Shamba lilikuwa la mke wake, ambaye sisi wote tulimwita Mama. Mama hakufurahia.

"Mashimo haya bibi yangu alipandia maharage," alimwambia mbele yetu. "Sijasikia ukoo wetu ukivuna betri."

"Maharage yako kwenye kingo, mimi niko shimoni," Fundi alijibu. "Tumegawana."

"Na asidi ikimwagika, itajua mpaka wetu?"

Kwa ajili ya neno hilo alitembea siku zote na kopo la magadi ya kuua asidi mfukoni, akinyunyiza kila alipoona unyevu kwenye ubao. Sikuwahi kuona haragwe lililoungua. Lakini Mama aliendelea kulalamika, naye aliendelea kunyunyiza, na nadhani wote wawili waliyapenda mazungumzo yale.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Kabla ya jua alitoa betri shimoni, akafungua vifuniko vya seli sita, akaingiza kile kipimo cha kioo chenye mpira juu, akavuta maji ya asidi na kutazama kielea kimesimama wapi. Seli moja ikiwa chini ya wenzake, alitikisa kichwa. Halafu aliiunganisha betri na stata kuukuu ya lori aliyoifunga kwenye gogo, akaibana kwa mkanda ili isizunguke kirahisi, na kuweka mita pembeni. Stata iliunguruma. Naye, badala ya kutazama saa, alisali Salamu Maria moja, si kwa mbio wala kwa kuvuta. Mshale wa mita ukiwa bado juu ya volti tisa na nusu alipofika Amina, betri imepita. Alifanya hivyo mara tatu, kwa kupumzisha katikati. Dereva mmoja wa Kianglikana kutoka ziwani alimuuliza siku moja, "Na mimi Fundi utanipimia kwa sala gani?"

"Kwa Baba Yetu. Hiyo ni ya wote."

"Si ndefu zaidi?"

"Ndefu. Betri ya Mwanglikana iwe na nguvu."

Kwa sababu ya kazi hii alichelewa misa ya kwanza karibu kila Jumapili ya majira ya baridi. Alisimulia mwenyewe kwamba paroko alimwita na kumuuliza kulikoni. Akajibu kwamba tangu alfajiri amekwisha kusali Salamu Maria ishirini na nne. Paroko akauliza, kwa nia gani? "Kwa nia ya betri nane, Padri." Alisema paroko akamwambia alete na ile ya gari la parokia.

Watu waliogombana naye zaidi walikuwa madereva wanaopanda kutoka Mbamba Bay. Huko chini ziwani kuna joto mwaka mzima. Betri ya kufa inaishi huko miaka, inawasha gari kila asubuhi, mwenyewe anaipenda kama ng'ombe wa maziwa. Halafu siku moja anapata mzigo wa kupeleka juu, analala Mbinga, na asubuhi gari limekuwa jiwe. Wote walikuja na maneno yale yale, kwamba betri ni nzima, jana tu iliwaka, labda baridi ya Wamatengo ina uchawi. Wengine walikuwa wamekwisha kununua asidi njiani na kuiongeza kwenye seli kama mtu anayeongeza pilipili kwenye mboga isiyo na ladha. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Asidi haipungui, alisema, yanayopungua ni maji. Yeye alitumia maji ya mvua aliyokinga kwenye ndoo ya plastiki katikati ya uwanja, mbali na bati.

"Fundi, betri hii jana Mbamba Bay iliwaka kwa mguso mmoja tu," dereva mmoja alimwambia, amekasirika kweli.

"Jana ilikuwa Mbamba Bay."

"Betri ni ile ile."

"Na wewe ni yule yule, mbona umevaa koti?"

Alikuwa na maneno ya namna hiyo mengi, na mengi yamenipotea. Nililoshika zaidi ni lile alilowaambia wanaoshangaa kwa nini hapimi mchana: "Mchana kila betri ni shujaa." Kulipofunguliwa mjini duka la spea lenye mashine ndogo ya kupimia, ile inayoandika jibu kwenye kioo kwa dakika moja, wateja wachache wa Fundi walihama, nasi tulingoja aitukane. Hakuitukana. Alikwenda mwenyewe kuiona, akaishika, akaisifu. Aliporudi alisema, "Haisemi uongo ile. Inakujibu kwa saa uliyoiuliza."

Sasa ukisikia hivi utadhani alikuwa mtu wa baridi. Alikuwa anaichukia. Alivaa sweta tatu, moja juu ya nyingine, na ya juu kabisa ilikuwa ya Mama, yenye maua. Alfajiri alitoka meno yakigongana, akilaumu mababu waliohamia milimani wakati ziwa liko pale na nafasi tele. Kahawa aliyoinywa ilikuwa ya moto hata mtu mwingine asingeweza kukishika kikombe chake. Tena, yeye aliyewapa wenzake shida yote ile juu ya betri, pikipiki yake haikuwa na betri kabisa. Aliiwasha kwa teke, mara saba, mara nane, huku sisi tukihesabu kimoyomoyo. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Alisema hakutaka kuwa na betri ambayo angelazimika kuihukumu nyumbani kwake.

Jambo jingine ni kwamba hakusoma mita mwenyewe kama mwenye betri yupo. Alikufanya usome wewe. Kwangu hili lilikuwa adhabu.

"Mshale uko wapi, dereva?"

"Kumi," nilisema.

"Nani amesema kumi? Nimesikia mbwa."

"Kumi, Fundi."

"Kumi ya nani? Sema betri ya pikapu ya chama, seli zote sawa, mshale kumi. Watu wako kule juu watakuuliza. Utawaambia kumi peke yake, wajue ni kumi ya mahindi?"

Nikasema yote, masikio yakiwaka. Wateja wengine walicheka, naye akawaangalia hadi wakaacha. Kila mwezi wa sita nilipokuja alinifanya nisome kwa sauti namna ile. Sikujua bado kwamba alikuwa anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Ulifika mwezi wa sita ambao betri ya pikapu haikupita. Seli ya tatu ilikuwa chini sana, na Salamu Maria ya pili haikufika katikati kabla ya mshale kuanguka. Fundi alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: HAIFAI MWEZI WA SABA. Akanipa nimpelekee Mwenyekiti wa chama.

Hapo niseme kwamba dada yangu alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa za mwezi wa saba. Alikuwa amepoteza mimba mbili nyuma, na hospitali walikuwa wamemwambia huyu asizaliwe nyumbani kwa hali yoyote. Kwa hiyo karatasi ile niliishika vizuri. Niliiweka kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Kikao kilifanyika mchana, kwenye uwanja wa chama, watu wakiwa wamekaa kwenye magunia matupu. Mwenyekiti si mtu mbaya. Ni mtu anayependa watu wacheke, na ambaye akiona kitu kinafanya kazi haoni sababu ya kukitoa. Alikuwa amekwisha kusikia kwa mtu aliyenikuta mjini.

"Dereva, tunaambiwa betri imekufa," alisema. "Twende basi tukaione maiti."

Watu wakacheka, wakasimama, wakanifuata kwenye pikapu. Jua lilikuwa kichwani. Bodi ya gari ilikuwa ya moto kuigusa.

"Washa."

Nikawasha. Liliwaka kwa mguso wa kwanza.

"Maiti imefufuka," alisema mtu nyuma.

"Haya kijana, tuambie mwenyewe," Mwenyekiti akasema, mkono wake begani kwangu, kwa upole. "Gari inawaka au haiwaki?"

Dada yangu alikuwa kwenye kivuli cha ghala, mikono juu ya tumbo, ananitazama. Karatasi ilikuwa mfukoni. Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa nimefundishwa kuyasema kwa sauti.

"Inawaka," nikasema.

Wakarudi kwenye magunia yao na kupitisha maturubai ya kuanikia kahawa.

Wiki iliyofuata nilipeleka mzigo mjini, nikapita kwa Fundi. Nilimwambia kikao kimeona betri itafaa.

"Na wewe ulisema nini?"

Niliinama nikamkuna mbwa wake shingoni.

"Iliwaka?"

"Iliwaka, Fundi."

"Saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Saa saba mchana hata mimi nawaka," alisema. Akaendelea na kazi yake kidogo. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, kama kuna mtu wa kujifungua huko kwetu mwezi wa saba.

"Dada yangu."

Alimwita Mama alete chai, tukanywa, akanisimulia habari za mbwa wake. Niliondoka nikijua amenidharau.

Mwanzo wa mwezi wa saba kondakta wa basi alinishushia kifurushi kizito, kimefungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake kulikuwa na blanketi la rangi ya kahawia, na ndani ya blanketi betri imejaa chaji, vichwa vimepakwa grisi. Karatasi ilisema: Ilale chumbani kwako, karibu na ukuta wa jikoni. Isikae nje hata usiku mmoja. Mwenyekiti asijue, atasema namroga.

Niliiweka chini ya kitanda changu. Yule aliyesema siku zote kwamba betri haijulikani ila kwenye baridi alikuwa amenipa yake ya karakana niilaze kwenye joto. Baadaye nilipata akili ya kuelewa. Kupima ni kazi moja, kumfikisha mtu hospitali ni kazi nyingine.

Dada alishikwa alfajiri. Mama yetu alikuja kunigongea, na nilipotoka ukungu ulikuwa umefunga hata banda la gari sikuliona mpaka nilipoligusa. Tulimlaza dada nyuma juu ya godoro, mama yetu pembeni yake na turubai juu. Nikazungusha ufunguo. Stata ilisema neno moja la chini, kama mtu anayekataa kuamka. Mara ya pili haikusema kitu.

"Kunani?" mama aliuliza kutoka nyuma.

"Nisubirini."

Nilikimbia nyumbani. Nikaifungua betri kwenye blanketi, ilikuwa na uvuguvugu kama kitu chenye uhai. Nilirudi nayo kifuani, blanketi begani. Spana namba kumi iliniponyoka mara mbili kwa baridi ya vidole, mara ya tatu ikashika. Nilikaza klipu, nikazungusha ufunguo, na gari likawaka, mama akasema jina la Bikira Maria, na sikumwambia kwamba ndivyo na Fundi apimavyo.

Mtoto alizaliwa muda mfupi baada ya sisi kufika. Mvulana. Nesi alisema tungechelewa kidogo tungepoteza mmoja wao. Hakusema yupi, nami sikuuliza.

Jua lilipopanda niliirudisha kwenye pikapu betri ya chama niliyokuwa nimeiweka nyuma, ikawaka, na kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi na betri yake na blanketi lake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilianza kuyasema.

"Klipu ulikaza?" akanikatiza.

"Nilikaza."

"Vichwa hukuvigonga kwa nyundo?"

"Sikugonga. Fundi, nataka kusema—"

"Dada mzima?"

"Mzima. Na mtoto."

"Basi weka betri pale. Pikapu yenu ije na betri mpya, waambie mimi hiyo ya kwangu siazimishi tena." Akageuka kwenye kazi. Alikuwa mkali kama siku nyingine zote, hata nikafikiri huenda nimeota blanketi.

Mama ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. Alikuwa amelikumbatia blanketi.

"Umelirudisha vizuri," alisema. "Baba huyu kajifunika magunia ya kahawa wiki nzima. Nilimwambia atume la wageni. Akasema la wageni jepesi."

Chama kilinunua betri mpya mwezi ule ule. Hakuna aliyenisema, na Mwenyekiti alimpelekea dada yangu sukari na kitenge. Lakini mimi nilijua gari lile halikuwashwa na ukweli wangu. Liliwashwa na mtu aliyejua nitanyamaza, na akajiandaa kwa ajili ya kunyamaza kwangu.

Nilimpelekea Fundi kila kitu nilichoweza tangu hapo, maharage, parachichi, kuku mmoja. Alipokea vyote kama mtu anayepokea barua za mtu mwingine. Miaka mitatu ilipita hivyo. Kisha kifua chake kikaanza kumsumbua, na daktari akamwambia kile alichokuwa anakisema mwenyewe siku zote, ashuke kwenye joto. Akahamia kwa binti yake Mbamba Bay. Mama alikataa kuhama. Alisema ziwa lina mbu na halina ngoro, anakwenda na kurudi.

Mwaka huu mwezi wa tano nilishuka kumtafuta. Betri ile mpya nayo ilikuwa imezeeka. Nilikuwa nimeilaza ngoroni kwetu, nikaisomea Salamu Maria kabla ya jua, na ya kwanza tu mshale uliporomoka. Lakini Mwenyekiti alikuwa ameipeleka mchana kwenye duka lenye mashine, mashine ikaandika nzuri, na kikao kilikuwa Alhamisi. Kijijini kuna wanawake watatu wa kujifungua kabla ya mwezi wa nane, mmoja ni mke wa rafiki yangu. Nilitaka Fundi aniandikie barua. Barua yake wangeiheshimu.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya binti yake kwenye kiti cha plastiki, shati moja tu mwilini. Sikuwahi kuona mikono yake mpaka kiwiko. Jicho moja lilikuwa jeupe, na la pili lilikuwa njiani.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Ni dereva. Nimekujua kwa kuwa sijakusikia vizuri."

Nilifikiri huko hana kazi, kwa joto lile. Kumbe alikuwa nayo. Binti yake anauza samaki na ana kasha kubwa la barafu, na Fundi alikuwa ameomba kona moja. Anafunga betri kwenye mifuko miwili ya nailoni, anailaza humo tangu jioni, kichwa juu, barafu pande zote.

"Baba, mbasa wangu watanuka asidi," binti yake alisema jioni ile akifunga kasha.

"Wako upande wao, mimi upande wangu."

"Ndivyo ulivyomwambia na mama."

"Na maharage yaliota."

Asubuhi alikuja mwenye betri, mtu mnene mwenye basi dogo linalopanda Mbinga kila siku, funguo zikizunguka kidoleni. Betri ilitolewa kwenye barafu. Stata ilikuwa ile ile kuukuu, imefungwa kwenye gogo jingine. Fundi alinipa mita, akaanza kusali. Alipofika Amina aliuliza, "Mshale?"

Nilitazama. Nilimtazama na mwenye basi.

"Betri ya basi," nilisema, "seli ya tano iko chini, mshale nane. Imekufa."

Mwenye basi alicheka. "Mzee, huyu nani? Jana nimeshusha watu kumi na wanane na betri hii."

"Mimi macho yamekwisha," Fundi alisema. "Muulize yeye."

"Kijana, unajua nimeendesha gari miaka mingapi?"

"Sijui, mzee."

"Sasa umejuaje imekufa?"

"Nimeipima ikiwa baridi. Ukilala nayo Mbinga itakuacha asubuhi, na abiria wako ndani."

"Inawaka hii."

"Hapa inawaka," nilisema. "Kule haitawaka."

Alinyanyua betri yake ikiwa inachuruzika maji ya barafu, akaiweka kwenye basi kwa kishindo, akaondoka bila kuaga. Vumbi lake lilitufikia tulipo. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunikasirikia namna ile kwa neno nililolisema mwenyewe.

Fundi alitega sikio hadi mlio wa gari ulipopotea.

"Mita umeiweka chini?"

"Ndiyo."

"Umejisikiaje?"

"Vibaya, Fundi."

"Vizuri. Mimi miaka yote hiyo nilijisikia vibaya. Kila mmoja. Yule wa trekta alilia mbele yangu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Siku utakayojisikia vizuri kumwambia mtu betri yake imekufa, acha kazi hii, tafuta nyingine."

Nilikaa nikilifikiria hilo. Nilikuwa nimemdhania mtu mgumu. Kisha nikakumbuka kilichonileta, nikamwomba barua.

"Karatasi niliwahi kukupa," alisema.

Binti yake alituletea chai na mbasa wa kukaanga, tukala. Alikula upande wangu wa sahani pia kwa kuwa hakuuona mpaka. Basi lilipokaribia nilimwambia lile neno la shukrani nililokuwa nimelibeba miaka yote hiyo, lote, tangu kifurushi hadi mtoto, na kwamba mtoto sasa anakimbia na anapenda kukaa kwenye usukani. Safari hii hakunikatiza. Alisikiliza uso wake ukiwa umeelekea ziwani, na nilipomaliza alisema nimelisema kwa sauti nzuri.

Alhamisi, kikao kilipofika kwenye mengineyo, nilisimama. Nilijisikia vibaya sana. Nikasema, "Mwenyekiti, betri ya pikapu imekufa, nimeipima mimi," na watu walipoanza kucheka nikabaki nimesimama.